Mnanunua Jioni, Mnaiba Miezi

Barua ya mwaliko huanza kwa sifa. Sauti yangu haina mfano, mtunzi amekuwa akiiwaza tangu mwaka juzi, tamasha litaona fahari kunipokea. Kisha inakuja tarehe, kisha ukumbi, na mwisho kabisa, kama jambo la aibu, yanakuja malipo: kiasi fulani cha euro "kwa onyesho". Onyesho lenyewe ni dakika 20. Wizi umejificha ndani ya hayo maneno mawili. Kila mtu katika kazi yetu anaujua, lakini wengi wanaogopa kuutaja wasije wakakosa mwaliko ujao. Basi nautaja mimi, tena kwa sauti niliyoisomea.

Ninaimba soprano. Siimbi Mozart wala Verdi, bali muziki mpya, yaani muziki wa sanaa unaotungwa sasa na watunzi walio hai, kwa ajili ya kumbi na matamasha ya Ulaya: Donaueschingen, ambako walianza mwaka 1921, Darmstadt, walikofungua kozi zao za kiangazi mwaka 1946 mji ukiwa bado magofu ya vita, Witten, Huddersfield kule Uingereza. Sina mwajiri. Kwa lugha ya stendi za Dar es Salaam, mimi ni deiwaka: naitwa gari likikosa mtu, jioni nakabidhiwa changu, kesho hakuna anayenijua. Ila deiwaka wa daladala halazimiki kujifunza gari upya kila alfajiri.

Na hicho ndicho kiini cha ugomvi wangu. Mwenzangu wa opera akijifunza Pamina katika Die Zauberflöte ya Mozart, amejiwekea mtaji. Ataiimba Hamburg, ataiimba Lyon, ataiimba miaka kumi na tano, na zile saa alizotoa jasho mwanzoni zitarudi kwake kidogo kidogo. Sisi tunajifunza kazi ambayo haijawahi kuimbwa na mtu, tunaiimba jioni moja, redio inairekodi, watu wanapiga makofi, mtunzi anakumbatiwa, kisha karatasi zinaingia kabatini na hazitoki tena. Wiki ijayo tunaanza nyingine kutoka sifuri. Mtaji wetu unachomwa kila mwezi, na anayewasha kiberiti ni yule yule aliyeandika barua ya sifa.

Mama yangu mdogo, mwanakwaya wa Kilutheri tangu ujana wake, aliona video yangu moja akapiga simu saa hiyo hiyo kuuliza ni nani aliyekuwa ananikaba. Simlaumu. Muziki huu una kuhema, kunong'ona, kucheka ghafla, kuimba kwa pumzi inayoingia badala ya inayotoka. Lakini yote yameandikwa. Kila kikohozi kina mahali pake kwenye karatasi na urefu wake uliopimwa, na nikikikosa, mtunzi aliyeketi safu ya tatu anajua.

Acha nikuonyeshe ukurasa mmoja, maana bila kuuona utadhani nalalamikia uvivu wangu. Filimbi na selo zinatoa mkwaruzo usio na nota yoyote unayoweza kuishika. Katikati ya mkwaruzo huo natakiwa niingie juu, kwa sauti ndogo kabisa, kwenye nota iliyo robo toni chini ya ile tunayoijua, mahali ambapo hata piano haina kibonyezo. Mimi nililelewa kwa solfa, kama wanakwaya wengi wa Tanzania na Kenya: do, re, mi, na do inahama wimbo unapohama. Ni njia nzuri mno kwa wimbo wenye kwao. Muziki huu hauna do. Kwa hiyo nina kichuma cha meno mawili kinacholia mitetemo 440 kwa sekunde. Nakigonga gotini wakati wasikilizaji wanamtazama mpiga selo, nakibandika kwenye mfupa nyuma ya sikio, na kutoka hapo nahesabu kwenda nilikotumwa. Wakati huo huo nina mapigo saba yangu juu ya manne ya kiongozi wa okestra. Neno ninaloimba limekatwa vipande, konsonanti hapa, irabu yake mistari miwili mbele. Mstari unaofuata unaimbwa kwa kuvuta pumzi ndani. Ukurasa kama huo unaweza kula wiki, na kazi haina ukurasa mmoja.

Koo nalo si vidole. Mpiga fidla akitaka, atakaa na kifungu kigumu kutwa nzima. Kuimba kwa kuvuta pumzi hukausha nyuzi za sauti ndani ya dakika chache, na ukilazimisha, kesho huna kitu. Ndiyo maana kujifunza kwetu hakuharakishwi kwa kukesha. Sehemu kubwa hufanyika mezani, penseli mkononi, kichwani, kabla sauti haijatoka hata mara moja, na kazi hiyo hutandazwa juu ya wiki nyingi ambazo ndani yake huwezi kukubali kazi nyingine nzito. Halafu siku chache kabla ya onyesho mtunzi anatuma faili lenye salamu za furaha: kurasa za katikati amezibadilisha zote.

Tupige hesabu, ya mfano tu. Tuseme malipo ni euro 1,200 kwa kazi ya dakika 20. Wiki sita za kujifunza, siku tano kwa wiki, saa nne kwa siku: saa 120. Mazoezi na kundi pamoja na siku ya onyesho, tuseme saa 30. Inakuja euro 8 kwa saa, kabla sijamlipa mpiga piano anayenisaidia kujifunza, kabla ya kodi, kabla ya bima. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara Ujerumani kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Sheria inamlinda anayefagia ukumbi baada yangu, na ni haki yake, tena angestahili zaidi. Mimi niliyeimba ndani ya ukumbi huo sheria inaniita mjasiriamali.

Tazama jukwaa lenyewe usiku huo. Ikiwa ni okestra ya redio, wapiga fidla wana mshahara wa mwezi na pensheni. Mazoezi ni sehemu ya ajira yao, na wakiugua, sheria ya Ujerumani inamtaka mwajiri awalipe mshahara kamili hadi wiki sita. Fundi sauti aliyeajiriwa vivyo hivyo. Anayebaki ni mtu ambaye ala yake ni nyama, inayoweza kuharibiwa na mafua ya abiria wa kiti cha jirani kwenye treni, na ndiye asiyelipwa chochote akiugua. Ujerumani ina mfuko wa hifadhi ya jamii wa wasanii, Künstlersozialkasse, ulioanza kazi mwaka 1983, na sitausema vibaya: tunalipa nusu ya michango, nusu nyingine inatoka serikalini na kwa wale wanaotutumia. Nchi nyingi hazina hata hilo. Lakini posho ya ugonjwa, kwa utaratibu wa kawaida, huanza wiki ya saba. Nani aliwahi kuugua mafua wiki saba? Onyesho lilishapita, na nafasi yako alishapewa mwingine, au kazi ilifutwa na wewe ukaandikiwa pole.

Machi 2020, dunia ilipofungwa kwa korona, Metropolitan Opera ya New York ilishika kifungu cha majanga yasiyozuilika, na waimbaji wa mikataba ya maonyesho hawakulipwa yale yaliyofutwa. Nafasi zao walikuwa wamekwisha kuzijifunza. Kama nyumba yenye jina kubwa kiasi kile inaweza kusema saa hizo hazikuwepo, tamasha dogo la wikiendi litasema nini?

Ndivyo kazi hii ilivyo tangu zamani, wanatuambia. Wanaosema hivyo hawaijui hiyo zamani. Pierrot lunaire ya Arnold Schoenberg, kazi ya mwaka 1912 ambayo kila soprano wa muziki mpya hupimwa kwayo, haikushuka kutoka mbinguni wala haikuanzia kwenye ofisi ya tamasha. Iliagizwa na Albertine Zehme, mwigizaji aliyetaka mashairi yasemwe kwa muziki, akamwendea mtunzi na fedha zake. Kabla ya kuisimamisha Berlin mwezi Oktoba walifanya mazoezi yapatayo 40. Arobaini! Sisi tukipata matatu tunashukuru, na la mwisho ni asubuhi ya siku yenyewe, huku mafundi wakivuta nyaya miguuni mwetu.

Mwaka 1958 mtunzi John Cage alimwandikia mwimbaji Cathy Berberian kazi iitwayo Aria: mistari ya rangi juu ya karatasi, kila rangi namna moja ya kuimba, na namna yenyewe aichague mwimbaji. Lugha zilikuwa tano. Miaka michache baadaye Luciano Berio, aliyekuwa mumewe, akamtungia Sequenza III, iliyojengwa juu ya vicheko, minong'ono na vikohozi ambavyo koo la Berberian liliweza kuvipitia kwa kasi ya ajabu. Berberian alikuwa mezzo, si soprano, lakini sote tunapita kwenye njia aliyoifyeka. Mrabaha wa kazi hizo njia yake ni nyingine: unakwenda kwa mtunzi na mchapishaji. Sheria ya hakimiliki inamtambua aliyeandika. Aliyegundua kwamba koo la binadamu linaweza kutoa sauti ile anaitwa mtekelezaji.

Kuna mfano unaouma kuliko huo. Philomel ya Milton Babbitt, ya mwaka 1964, inamhusu binti wa hadithi za Kiyunani aliyekatwa ulimi ili asimtaje aliyembaka, akageuka ndege. Soprano anaimba akijibizana na kanda, na ndani ya kanda hiyo imo sauti ya Bethany Beardslee, soprano wa kwanza kuiimba, iliyorekodiwa na kuchakatwa kwa mitambo. Waliokuja baada yake wakaiimba, wamejibizana na koo la Beardslee. Jina kwenye jalada ni la Babbitt. Hadithi ya mwanamke aliyenyang'anywa ulimi imehifadhiwa kwa sauti ya mwanamke, na mwenye mali ni mtunzi. Mngeitunga kama kejeli, watu wangesema mmetia chumvi.

Tuzo nazo zinafuata mkondo huo huo. Mwaka 2013, mjini Berlin, Barbara Hannigan wa Kanada aliimba kwa mara ya kwanza let me tell you ya Hans Abrahamsen, kazi iliyoandikwa kwa ajili yake. Mwaka 2016 ikashinda tuzo ya Grawemeyer, dola 100,000. Tuzo hiyo ni ya mtunzi. Sina kinyongo na Abrahamsen, kazi ni nzuri mno, na watunzi wengi ni hohehahe kama sisi. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kuna watu wawili ndani ya muziki ule, na mmoja ndiye anayehesabiwa.

Najua nikimtaja Hannigan kuna atakayeruka: si huyo hapo, amefanikiwa? Amefanikiwa, tena kwa haki yake yote. Lakini tazama jinsi alivyofanikiwa. Kazi ile haikuachwa ifie Berlin. Imeimbwa tena na okestra nyingine katika nchi nyingine, na alichojifunza mara moja kikalipa mara nyingi. Huo ndio utaratibu ninaoudai. Tatizo ni kwamba anaupata yule ambaye jina lake linajaza ukumbi, na sisi tuliobaki tunaambiwa tumtazame kwa matumaini.

Jane Manning wa Uingereza, aliyefariki mwaka 2021, aliimba maonyesho ya kwanza zaidi ya 350. Idadi hiyo hutajwa kwa furaha. Mimi hunipandisha hasira, kwa sababu ni mara 350 za kuanza upya. Yeye mwenyewe alikaa akaandika vitabu vya kuwaelekeza waimbaji kazi zipi wajifunze, zina ugumu gani, zinafaa sauti ipi, kazi ambayo matamasha yaliyoagiza nyimbo hizo yangepaswa kuifanya. Mojawapo ya zilizopona ni King Harald's Saga ya Judith Weir, ya mwaka 1979: mwanamke mmoja, bila ala hata moja, anaimba wahusika wanane pamoja na jeshi zima la Wanorwe kwa muda wa dakika kumi hivi. Jeshi zima, malipo ya mtu mmoja.

Wapo wanaojibu kwamba tulichagua wenyewe. Rubani naye alichagua, na hakuna anayemwambia alipwe kwa dakika ya kutua tu. Wapo wanaosema muziki wenyewe hauna wasikilizaji. Sawa, tusibishane, hatujazi viwanja. Lakini matamasha haya hayaendeshwi kwa tiketi. Yanaendeshwa kwa fedha za umma, za redio, za manispaa na za wakfu, na fedha hizo zinamlipa mtu wa taa, mtu wa kulinganisha piano, mchapishaji wa kitabu cha programu chenye karatasi nzito kuliko mkataba wangu, na mvinyo wa baada ya onyesho. Fedha ipo. Inapungua ikifika kooni.

Kwetu Pwani mwimbaji wa taarabu akigusa penye kidonda cha mtu, mtu huyo huinuka na noti yake akamtuza pale pale, mbele ya macho ya wote. Hata ikiwa ndogo, aliyeguswa amemlipa aliyemgusa. Huku napewa shada la maua, nikiwa na treni ya alfajiri na chumba cha hoteli kisicho na hata jagi.

Sitakaa sana kwenye karatasi za mipaka, ingawa ningeweza kujaza gazeti. Ninaishi Ujerumani kwa kibali na nina pasipoti ya Tanzania. Nikiitwa Uingereza kuimba jioni moja, viza ni juu yangu, safari ya kutoa alama za vidole ni juu yangu, na siku zinazopotea ni zangu. Tangu 2021, baada ya nchi yao kujitoa Umoja wa Ulaya, wenzangu Waingereza wanaonja kidogo: siku 90 ndani ya 180 katika nchi za Schengen, na vibali vya kazi vinavyotofautiana nchi hadi nchi. Karibuni foleni.

Hasira yangu nyingine ni kwetu sisi wenyewe. Tukiulizwa na waandishi, tunatabasamu na kusema ni heshima kubwa kufanya kazi na mtunzi fulani. Heshima, heshima, heshima. Tunaficha malipo kama watu wanaoficha ugonjwa, hata sisi kwa sisi, na ofisi za matamasha zinakula kupitia ukimya huo. Nikikataa, yupo binti aliyehitimu juzi atakayekubali kwa nusu. Akifika umri wangu, atakuwepo wa robo. Vyuo vinafundisha robo toni, vinafundisha kuimba huku mdundo wa mashine ukigonga sikioni, lakini havifundishi kusoma kifungu cha kufutwa kwa mkataba.

Na mambo yanazidi kubana. Berlin, mji unaojitangaza kwa wasanii wake, ulikata euro milioni 130 hivi katika bajeti ya utamaduni ya mwaka 2025. Panga la namna hiyo halianzi kwa mwenye ajira, kwa sababu mkataba wake unamkinga. Linaanza kwa miradi, na mradi ni jina la heshima la mimi na wenzangu.

Msiniambie haiwezekani, kwa sababu kwingine wamejaribu. Ufaransa msanii wa maonyesho anayefikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12 ana haki ya fidia ya siku zisizo na kazi, na malipo ya onyesho moja yanahesabiwa kuwa saa 12. Saa 12 hazifikii tunachotumia, lakini mtunga sheria wa Kifaransa amekiri kwa maandishi kwamba jioni ina tumbo kubwa kuliko jioni. Ireland ilianza mwaka 2022 kuwapa wasanii 2,000 euro 325 kila wiki kwa majaribio. Hakuna nchi iliyofilisika kwa hilo.

Ninachotaka ni kidogo kuliko hivyo, na hakihitaji bunge. Kila mkataba wa kazi mpya uwe na malipo ya kujifunza, yakihesabiwa mbali na onyesho, yalipwe nota zinapofika mkononi. Nikiugua au ninyi mkifuta, hayo hayarudi, kwa sababu kujifunza kumekwisha kufanyika. Kurasa zikibadilishwa baada ya tarehe ya makubaliano, zilipiwe. Na asiagizwe mtunzi yeyote kabla hajapatikana mwenzenu wa mji mwingine aliyekubali kwa maandishi kuisimamisha kazi hiyo tena. Mtauliza fedha itoke wapi. Agizeni kazi chache. Tamasha lenye maonyesho ya kwanza kumi na mbili ambayo hayatasikika tena ni mashine ya kutengeneza vichwa vya habari, na sisi ndio mafuta yake. Agizeni nane, ziimbeni mara mbili mbili, na mtaona kwamba hata wasikilizaji mnaodai hawapo watapata nafasi ya kuzizoea.

Tangu msimu uliopita ankara zangu zina mistari miwili: onyesho, na kujifunza. Wako waliorudisha wakitaka mstari wa pili ufutwe. Wako walioacha kunipigia simu, na wasifikiri sijui ni kwa nini. Na wako waliolipa yote, kwa tarehe, na matamasha yao mwaka huu yamefunguliwa kama kawaida.